Hutavuka Kililana na Sikio Hilo

Esha mwanangu,

Desturi ya barua ni salamu kwanza, halafu habari za wazima na wagonjwa, ndipo lije neno lenyewe. Leo salamu sina. Umelala chumba cha pili, mlango umeutia komeo kwa ajili yangu, na kupitia mlango huo huo nakusikia ukikoroma kama mtu ambaye hakugombana na mamake alasiri nzima.

Nimeshika kalamu kwa sababu mdomo umenishinda. Mimi na wewe tukianza na maneno ya kawaida, punde si punde tumefika kwenye kubamiza milango, na milango ya nyumba hii ni ya mababu, haikuchongwa kwa ajili ya kubamizwa namna ile. Basi soma. Barua haina sauti ya kupanda, na mimi sitakuwapo mbele yako ukaanza kunizungushia macho.

Mambo ya sanduku sitayataja. Ulipanga, nikapangua, ukapanga tena. Ukisahau mswaki, huko Kililana unakovuka kesho kuna maduka. Ninalotaka kusema ni juu ya sikio lako la kushoto.

Nimeliona. Uliinama kuosha nywele, ukasahau kwamba nimesimama nyuma yako na taulo. Pale juu kabisa, kwenye ukingo wa sikio, pana kidonda. Kimefanya gamba, na chini ya gamba pana wekundu unaotoka damu. Nikakuuliza ni nini, ukasema kipuli kimekukwaruza. Esha! Kipuli gani hicho kinachopanda mpaka huko? Kisha nikakumbuka foronya zako, jinsi ulivyoanza kuzifua mwenyewe siku hizi, nami nikajigamba kwa Bi Zena, jirani yetu, kwamba mwanangu sasa amekuwa mtu mzima, hata kufua hasukumwi. Kumbe ulikuwa ukificha damu.

Kidonda kile si cha jana wala juzi. Na wewe, kuliko mtu yeyote katika mji huu wa Amu, unajua maana yake inaweza kuwa nini. Umezaliwa na ualbino. Ngozi yako haina ile rangi inayotukinga sisi wengine na jua, na kidonda kisichopona kwenye ngozi kama yako hakingojewi. Hayo si mageni kwako. Nayaandika kwa sababu leo ulinijibu kama mtu ambaye hajawahi kuyasikia: "Mama, wacha stress. Nitaliangalia nikifika." Utaliangalia na nini? Nani aliyewahi kuliona sikio lake mwenyewe?

Halafu ukaniletea simu. Ukanisomea kwamba kuna wataalamu wanaosema wanawake wenye vitamini D kidogo wanapatwa na maradhi haya na yale, na wengine wanaosema wanawake wenye vitamini D nyingi ndio wanaopatwa zaidi na saratani ya ngozi. "Unaona, Mama? Hata wao hawajaelewana. Kwa hiyo tuyaache." Mwanangu, hao waache wabishane juu ya vitamini mpaka Kiyama, ndiyo kazi yao. Kidonda chako hakimo ndani ya simu. Hapo ndipo nilipopandisha sauti, nikasema, "Nilikwambia! Nilikwambia tangu mwanzo!" Nikalirudia neno hilo mpaka likakufukuza chumbani. Mengine mlango unayajua.

Sasa nimetulia. Uongo, sijatulia, lakini nimeketi.

Wacha nianze na miguu yangu, maana balaa lote lilitoka miguuni. Unanijua mimi, nimekulia na kuzeekea kwenye kushona kofia. Tangu usichana wangu nimevika vichwa vya waume wa Amu, Shela na Pate, tundu kwa tundu, nimeketi mkekani ndani ya kuta nene kama ngome. Nikitoka, natoka na buibui, napita vichochoro ambavyo jua lenyewe halivifikii, narudi kwenye mkeka wangu. Sikuona dosari. Mamangu aliishi hivyo, na bibi yangu aliishi zaidi ya hivyo. Mwanamke kuwa mweupe wa kivulini ilikuwa sifa. Walipokuwa wakinitia ndani kabla ya harusi yangu, walinisinga mwili kwa liwa ya msandali na kunifungia mpaka nikasahau rangi ya mbingu, na nilipotolewa watu walipiga vigelegele.

Kisha miguu ikaanza. Nikiinuka mkekani nashika ukuta kama mtoto anayejifunza kwenda. Mapaja yanauma, kiuno kinauma, hata mbavu. Shangazi yako Somoe, ambaye tangu babako atangulie mbele ya haki amejifanya yeye ndiye daktari wa nyumba hii, akasema ni baridi yabisi. Akanikanda kwa mafuta ya nazi na karafuu mpaka nyumba nzima ikanukia pilau. Maumivu hayakuondoka, ila paka wa mtaa mzima walianza kututembelea.

Nilipochoka nikaenda hospitali. Daktari akapima damu, akaniambia, "Bi Barke, vitamini D yako iko chini mno. Mifupa yako inakosa nguvu."

"Hiyo vitamini inatoka wapi?"

"Ngozi ndiyo inayoitengeneza, ikipata jua."

"Mwanangu, hapa ni Amu. Jua liko kila mahali."

"Kila mahali, Bi, isipokuwa juu yako wewe."

Nikaudhika. Kijana kama yule, labda kofia yake ya harusi nilimshonea mimi. Akanipa vidonge, akaniambia pia niwe naketi kidogo juani asubuhi, mikono na miguu wazi. Kidogo, alisema. Neno hilo nililisikia, lakini kulishika sikulishika. Wala hakuniuliza nina binti wa namna gani nyumbani, nami sikumwambia. Nilidhani ugonjwa ni wangu na nyumba ni habari nyingine. Ukienda kwa daktari, Esha, mwambie na unaoishi nao. Hilo nimejifunza kwa gharama yako, siyo yangu, ndiyo maana linaniuma.

Sasa niambie, mwanamke wa Amu anavua buibui juani mahali gani? Gatini, mbele ya mabaharia? Ni darini tu, juu ya paa, ambako macho yanayokuona ni ya wanawake wenzako wa nyumba za jirani. Nikapanda. Na wewe ulikuwa umerudi likizo kutoka chuo cha kilimo.

Hapa pana jambo ambalo sijakueleza vizuri, kwa sababu kila nikijaribu tunaishia kwenye kelele. Nilikuweka ndani utoto wako wote. Nilikuwa nikisema ni kwa sababu ya jua, na ilikuwa kweli, lakini kweli nusu. Nusu ya pili ni watu. Ni yale waliyokuwa wakikuita vichochoroni, na wanawake waliokuja kunipa pole ulipozaliwa kana kwamba nimefiwa, na yule aliyeniuliza nilimtazama nani nilipokuwa na mimba. Sikuwa na nguvu ya kuwajibu kila siku, nikaona rahisi kufunga mlango. Basi daktari aliposema mwanamke wa kufungiwa ndani mifupa yake inalegea, mimi sikuwaza mifupa yangu. Niliwaza yako. Niliona nimekuharibu kwa mkono wangu. Nikarudi nyumbani, na badala ya kumrudia daktari nikamuuliza, nikakuita uje juu tuote jua: "Ndoo mwanangu, ndoo tuote yuwa."

Nyumba yetu ndivyo ilivyo. Hatujawahi kumwacha mtu anywe dawa peke yake. Dawa ya kikohozi tumekunywa wote, hata wasiokohoa. Bibi yako alipopewa dawa ya macho, tulipanga foleni. Mtu akila peke yake ni mchoyo, na dawa tuliihesabu pamoja na chakula. Nikakugawia jua langu.

Na ikawa raha! Hilo ndilo linalonikera kuliko yote. Chai ya tangawizi juu ya dari, buibui kwenye kamba, wewe umekunja mikono ya gauni. Ulinieleza jinsi ya kupanda simsim na kwa nini kunde zinarudishia ardhi nguvu, nami nilijifanya naelewa. Ulinieleza habari za yule mvulana wa chuoni uliyemkataa, na kwa nini. Hujawahi kunieleza mambo kama yale kabla wala baada. Tulikuwa tukipanda saa mbili, na "kidogo" ya daktari ikanyooka mpaka saa nne, kwa sababu maneno hayakuwa yamekwisha. Bi Zena alikuwa akitupitishia visheti kutoka dari yake. Tukicheka, kucheka kwetu kunasikika mpaka msikitini, tukitahayari tunacheka tena.

Ngozi yako ikawa nyekundu. Unajua nilifanya nini? Nilikupaka mafuta ya nazi, kama samaki anayetayarishwa kwa makaa. Ile losheni yako ya jua uliyopewa chuoni nikasema ina kemikali, nikaiweka juu ya kabati. Na Somoe akapanda ngazi akihema, akatoa fatwa yake: "Mwateni mwana aote. Yuwa la asubuhi halina dhara, ni la Mngu." Na moto ni wa Mngu pia, Somoe, mbona hujauwekea mkono? Lakini siku ile sikumjibu hivyo. Siku ile nilisema, "Kweli, wangu."

Baada ya hapo tukaenda kupimwa wote wawili. Vitamini yangu ilikuwa imeinuka kwa kusuasua. Yako ilikuwa juu, nzuri kabisa, hata aliyetusomea majibu alikupongeza. Ulicheka njia nzima. "Mama, mimi nimepasi, wewe umefeli." Ukapiga picha ile karatasi ukanitumia kwenye simu, nami niko kando yako! Nikapika mahamri na mbaazi za nazi, nikapitisha sahani kwa Bi Zena, nikamwambia mwanangu ana vitamini kuliko mji mzima. Tulisherehekea, Esha. Hatukujiuliza hiyo vitamini imeingia kwa njia gani.

Kidonda cha kwanza kilitoka kwenye paji, karibu na nyusi, nawe umerudi tena nyumbani umemaliza chuo. Tulikiita chunusi, kisha tukakiita kuumwa na mdudu, kisha tukaacha kukiita. Mpaka alipokuja yule daktari wa ngozi, mwanamke mpole mwenye mikono baridi, anayezunguka hospitali za pwani. Akakitazama kwa kioo chake. Akasema atakikata, na kipande kitapelekwa maabara.

Mimi nikaruka. "Lakini daktari, vitamini D yake ni nzuri! Karatasi ninayo hapa!"

Hakuitazama karatasi. Aliniuliza, "Ameipata wapi, Bi?"

"Juani. Darini kwetu."

"Basi jua hilo hilo ndilo lililofanya na hiki." Akavua glavu, akaketi, akazungumza nami taratibu. Akasema mwanamke anaweza kuwa na vitamini D ya kupendeza na ngozi yake inaungua. Kipimo kile kinaonyesha kwamba jua limeingia, hakionyeshi lilipopita limeharibu nini. Kwa ngozi kama yako, alisema, jua kidogo tu linatosha kuipandisha vitamini, na hilo kidogo lenyewe ni jingi mno kwa ngozi. Kumbe ile karatasi niliyoipikia mahamri ilikuwa ikitueleza jinsi ulivyoungua.

"Kwa hiyo tusiote jua tena?" nikamuuliza.

"Wewe ota, Bi, ngozi yako ina kinga na mifupa yako inalihitaji. Yeye ajifunike, apake losheni yake, na vitamini ikipungua ataipata kwa vidonge na samaki."

"Nyumba moja, dawa mbili?"

"Ngozi mbili, Bi."

Majibu yalirudi na jina la saratani. Ndogo, akasema, na yote imetoka. Alhamdulillahi. Nilitoka pale nimemkasirikia kila kiumbe. Daktari wa kwanza kwa kutoniuliza, Somoe kwa fatwa zake, Bi Zena kwa visheti, wewe kwa kukunja mikono ya gauni. Ilinichukua siku nyingi kufika kwenye mtu aliyekuita darini, na nilipomfikia sikujua la kumfanya. Nikaanza kukufungia madirisha.

Ndipo uliponiambia yale maneno. Nilikuwa nimekuzuia hata kwenda Shela kwenye harusi ya rafiki yako. Ukasimama mlangoni pa jikoni ukasema, "Nikiwa mdogo ulinifungia. Nilipokuwa mkubwa ukaniweka juani. Sasa unanifungia tena. Amua, Mama." Nikakwambia uoshe vyombo.

Na ukaviosha, kwa kishindo. Halafu mwezi haukupita ukaja na habari kwamba umepata kazi Kililana, ya kuzunguka mashambani kuwafundisha wakulima. Kilimo! Kazi zimejaa duniani za kufanyiwa ndani. Ungekuwa karani, ungekuwa mshonaji kama mimi, ungekaa benki kwenye baridi ya mashine. Wewe umeona mikorosho na simsim, shamba jeupe lisilo na kivuli. Nikasema, "Hutaweza." Nilisema hivyo ulipochagua chuo, nikasema tena ulipomaliza, nikasema tena ulipopata kazi. Ukaweza mara zote hizo, na sijawahi kurudi kukwambia kwamba niliona.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo nilipofika baada ya kukasirika usiku kucha. Juzi nilikusikia ukiongea na simu. Sikuwa nasikiliza, nilikuwa napita. Nilikuwa napita polepole. Ulimwambia rafiki yako kwamba huyo mkubwa wenu wa kazi alisita kukuajiri, alikuuliza kama mtu wa namna yako ataweza jua la shamba, na wewe ulimwapia kwamba utaweza. Ukamwambia rafiki yako, "Nikianza kwa kuomba ruhusa ya hospitali, nimekwisha." Kisha ukasema, "Na mama naye atasema nilikwambia."

Nililisikia hilo la mwisho, nikalipuuza, nikaendelea na ushonaji. Leo nilipoliona sikio ndipo lilipotulia mahali pake. Unakificha kidonda ili yule bwana asiwe amesema kweli, na ili mimi nisiwe nimesema kweli. Uko tayari kubeba kitu kinachoweza kukuua, mwanangu, kwa sababu mamako hajui kunyamaza akiwa amepatia.

Nimeudhika, tazama mwandiko. Nimeudhika nawe, kwa sababu una akili ya kujua jani la muhogo linaugua kwa kulitazama tu, na sikio lako mwenyewe unalifunika na mtandio. Lakini zaidi najikasirikia mimi mwenyewe.

Kazi sikukatazi. Nimeacha. Nimekaa nikafikiri jinsi wakulima wenyewe wanavyofanya. Hakuna mkulima mwenye akili anayelima saa sita mchana, wote wanaingia shambani alfajiri na kurudi tena alasiri. Mchana mnaweza kukutana chini ya paa la mtu mkazungumza magonjwa ya kunde. Mwambie huyo mkubwa wako hivyo, tena kwa sauti yako ile ya kunijibu mimi. Losheni nimeishusha kutoka juu ya kabati, nikaitupa, maana muda wake umekwisha. Utapata nyingine mpya hospitalini au dukani, na usimwache mtu akuambie ina kemikali.

Na kofia. Wallahi, Esha, hili la kofia limenifedhehesha. Maisha yangu yote nimeshona kofia, na hakuna hata moja niliyowahi kushona inayotia kivuli puani mwa mtu. Nimevika waume wenye nywele na rangi yao, na mwanangu anayehitaji kofia anatembea na mtandio unaopepea. Wiki hii nilijaribu. Nilinunua ukili wa kushonea mikeka, nikashona ukingo mpana wa kufunika masikio na shingo, nikaushikiza kwenye kofia ya kawaida. Imetoka kama kawa la kufunikia chakula. Ukiiweka juu ya sinia hakuna atakayejua tofauti. Iko juu ya sanduku lako. Ukiona aibu kuivaa, funikia wali, lakini nunua nyingine pana kabla hujaingia shamba lolote.

Sasa niseme lililobaki. Naogopa. Sijawahi kukwambia hivyo, nimekuwa nikikwambia "funika", "ingia ndani", "hutaweza", na yote hayo yalikuwa neno moja hilo nililoshindwa kulitoa. Kile cha kwanza kilikuwa kidogo kwa sababu kilikatwa mapema. Hiki sijui. Wewe pia hujui, na usijifanye unajua. Sikio ni dogo, lakini limeshikana na kichwa, na kichwa hicho nilikizaa kwa taabu kubwa.

Boti yako ya Mokowe, ya kukufikisha njia ya Kililana, ni kesho baada ya Adhuhuri. Asubuhi yote iko wazi. Nimempigia muuguzi wa kliniki ya ngozi, nikamuuliza kama daktari yupo, akasema kesho yupo mpaka mchana, ndiyo siku yake ya mwisho hapa. Sikumtajia jina lako. Kwenda utakwenda kwa miguu yako mwenyewe, kwa hiari yako, kwa sababu wewe ni mtu mzima na mimi nimechoka kuwa askari wa mlango. Akiamua kukata, atakata, na utavuka na bandeji chini ya mtandio. Akikuambia usubiri siku mbili, basi huyo mkubwa wako atasubiri siku mbili. Kama hawezi kusubiri mtu akatwe saratani, mwache atafute mwingine anayejua simsim kama wewe, tuone atampata wapi.

Nitafuatana nawe, maana kukaa nyumbani sitaweza. Lakini sitaingia. Nitakaa nje kwenye baraza, upande wa juani, kama nilivyoandikiwa mimi na siyo wewe. Utakayeongea na daktari ni wewe, utakayesikia kwanza ni wewe, na ukitoka utaniambia kiasi unachotaka. Ukitaka kuniambia yote, niambie. Ukitaka kuniambia boti itatuacha, tutakwenda gatini.

Na chochote atakachokisema daktari, kiwe kidogo au kikubwa, sitasema nilikwambia. Sitasema njiani, sitasema gatini, sitasema kwenye simu ukiwa Kililana, wala sitamtuma Somoe akuambie.

Hata kama nilikwambia.

Mamako